Sebule ya Mama Atu

Kona ya ngazi, kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, ilikuwa imepanuka.

Sekela Mwambene alisimama pale pale, akatanua mikono yake miwili kama fundi anayekadiria kitambaa, kisha akaishusha taratibu. Hakuhitaji kipimo. Kona ile aliijua kuliko mtu yeyote. Wakati jengo hili likiwa bado mchoro mezani, ni yeye aliyegombana na wachoraji hadi wakaikubali. Mwaka uliotangulia walikuwa wamemteremsha baba yake kutoka ghorofa moja la zamani, ngazi zikawa nyembamba mno, jeneza likabidi lisimamishwe wima kama kabati ndipo lipite. Mama yake alililia lile kabati kuliko alivyokililia kifo chenyewe. Sekela akaapa kwamba katika nyumba yoyote atakayoikagua yeye, marehemu atatoka amelala.

Kwa hiyo ngazi za jengo hili zilikaa nyembamba siku zote, nafasi ikatumika vyumbani, na ni siku ya msiba tu ndipo kona zilipofunguka.

"Mhandisi," aliita. "Nani amefariki hapa?"

Mhandisi Lutengano Mwasumbi alikuwa ametangulia, anapanda kwa kasi ambayo tumbo lake halikuizoea. "Hakuna aliyefariki, dada. Mtambo unajinyoosha tu. Si unajua vitu vipya."

"Unajinyoosha."

"Twende, tutachelewa kikao."

Sekela akamfuata. Kikao kilikuwa mchana ule ule. Bodi ya Mamlaka ya Makazi ya Kihungwe ilikuwa inakutana kupitisha ujenzi wa mtaa mzima wa maghorofa kama hili, nyumba za bei ambayo hata muuza mboga angeimudu. Kwenye uwanja wa mpira kulikuwa na familia zilizoishi ndani ya mahema tangu mlima ulipoporomoka na kuumeza mtaa wao, na mvua nyingine zilikuwa zinanukia. Ardhi ilikuwapo, fedha zilikuwapo, wajenzi walikuwa wamekaa mkao wa kula. Kilichobaki ni sentensi moja kutoka kwa mkaguzi mkuu, yaani yeye Sekela, kwamba jengo la majaribio halina kasoro.

Mlango wa ghorofa ya nne ulifunguliwa kabla hawajagonga.

"Karibuni, karibuni! Mkaguzi, ingia ujionee mambo!" Mwenye nyumba, Mama Atu, alikuwa na sauti ya sokoni na furaha iliyojaa mlango mzima. "Shangazi katupendelea, usiwaambie wenzangu watanuna."

Shangazi ndiye Mratibu, mtambo uliosogeza kuta za jengo. Wapangaji walimpa jina hilo kwa sababu alifanya kazi ya shangazi kwenye shughuli: kuamua nani alale wapi na nani ampishe nani. Nyumba zilikuwa ndogo, na ndiyo sababu zilikuwa rahisi. Jiko, choo na vyumba vya kulala vilibaki mahali pake. Nafasi iliyosalia watu walikopeshana. Aliyejifungua aliongezewa kutoka kwa kijana anayeshinda kazini, mwenye wageni akachukua ya aliyesafiri. Kuta zilikuwa za povu la mkonge, nyepesi, zikivutwa na nyuzi zilizojikunja na kujikunjua kama misuli, polepole kiasi kwamba mtu angeweza kuegemea ukuta unaohama asijue.

Sebule ya Mama Atu ilikuwa kubwa kuliko ofisi ya mkurugenzi.

"Sendofu ya Atu ni Jumamosi, tunamuaga kabla ya harusi," mama alisema, akizunguka katikati ya sakafu kama mwenye kiwanja. "Sikumwambia Shangazi, sikuandika popote. Kajua mwenyewe! Wiki nzima anatusogezea. Na sakafu sasa, hebu vua kiatu ukanyage. Ina joto! Bibi anakaa chini siku hizi, magoti hayamsumbui."

Bibi, mama mkwe wake, aliinua mkono kutoka kwenye jamvi akatabasamu bila meno. Sekela alimwamkia, akavua kiatu, akakanyaga. Joto lilipanda unyayoni.

Kwa sherehe, Mratibu alifundishwa kuinua jukwaa upande wa dirisha na kunyoosha njia ya kupitia bibi harusi. Hapa hapakuwa na jukwaa. Makochi yalikuwa yamesukumwa ukutani, katikati pameachwa wazi. Na sakafu ya jengo hili ilipashwa joto kwa sababu moja tu: Kihungwe ni baridi, na wafiwa hulala chini.

Akamwangalia Bibi tena. Basi msiba unaoandaliwa ni wake, alijiambia, na akaona aibu kwa jinsi alivyopata nafuu. Mtu wa umri ule, aliyekula chumvi akashiba.

"Bibi analala chumba kipi, mama?"

"Hiki cha nyuma."

Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa mwembamba kama ulivyojengwa.

"Na hiki?"

"Cha Atu."

Mlango wa Atu ulikuwa umepanuka. Watu wanne wangeweza kupita, wawili wawili, huku wamebeba kitu katikati.

Atu mwenyewe alikuwa kwenye kigoda, msusi nyuma yake, nusu ya kichwa imeshasukwa. Aliinuka kuamkia, kama binti aliyelelewa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Nimechoka tu na pilikapilika." Akarudi kukaa, mkono mmoja umeshika ukuta, akavuta pumzi mara mbili kabla ya kumgeuzia msusi kichwa. Midomo yake ilikuwa na rangi ya kijivu ambayo Sekela hakuipenda.

"Mabibi harusi wote wanachoka," alisema Mama Atu, akicheka.

* * *

Chumba cha mitambo kilikuwa chini kabisa, nyuma ya matangi ya maji. Sekela aliingia wa mwisho, akaufunga mlango, akauegemea.

"Kuandaa msiba kabla mtu hajafa, hii ni mara ya ngapi?"

"Dada Sekela, nisikilize kwanza..."

"Nimekuuliza ni ya ngapi, Lutengano."

Mhandisi akakaa juu ya sanduku la vipuri. Jasho lilikuwa linamtoka, na chumba kile kina baridi. "Ya tatu. Ya kwanza ilikuwa yule mzee wa ghorofa ya tano. Kisha mke wa Kibiki, ghorofa ya pili. Kuta zinaanza kusogea kama wiki moja kabla. Zikishasimama, haipiti siku mbili."

"Na za kule juu?"

"Zimesimama leo alfajiri."

Sekela alitaka kumpiga kofi. Alitaka pia kukaa chini. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Amejuaje?"

"Anajua kila kitu, si ndivyo tulivyomjenga? Sakafu inahesabu hatua za mtu, ukuta unahisi pumzi, bomba linajua nani anaamka mara ngapi. Anahitaji hayo ili ajue nani anahitaji nafasi. Kifo sisi hatukumfundisha." Lutengano alijifuta uso kwa kiganja. "Tulimfundisha kuwahi. Unakumbuka msiba wa kwanza kabisa, yule mtoto wa ghorofa ya kwanza? Nafasi ilichelewa, waombolezaji wakasimama nje mvua inawanyeshea. Sisi wote tulikasirika, na wewe ukiwamo. Tukamwandikia kosa kubwa kuliko yote: umetuaibisha, msiba umekukuta hujajiandaa. Basi asirudie. Akatafuta namna ya kutokuaibika tena."

Sekela alilikumbuka lile kosa. Hakuna mtu wa kwingine ambaye angeliita kosa. Wangesema mvua ni mvua. Wao wa Kihungwe waliona heri jengo zima lianguke kuliko mgeni wa msiba kukosa pa kukaa.

"Kwa nini asiseme? Anajua mtu anakufa, anamwandalia majamvi, hamwambii?"

"Amefungwa mdomo. Sheria ya Siri za Mwili, dada. Watu waliandamana wenyewe, hukuwapo? Nyumba za kwanza ziliposema nani ana kisukari, waajiri wakajua, watu wakafukuzwa kazi. Sasa hakuna mtambo wala mtu anayeruhusiwa kusema nyumba imeona nini mwilini mwa mtu, hata kumwambia mwenyewe, kama hakuomba kabla. Wengi hawataki kujua. Ni haki yao. Tulimfunga mdomo. Mikono hatukuifunga."

"Ungeniambia mimi."

"Ukaandike kasoro? Bodi wangelifungia jengo siku hiyo hiyo. Mama yangu mdogo yuko pale uwanjani, Sekela. Hema lake lina tundu, wameliziba kwa mfuko wa mbolea. Mvua zilizopita alilala amesimama. Nakuomba kitu kimoja. Kikao kiishe. Wapitishe, wagonge mhuri, basi. Jioni twende wote wawili tukamwambie yule binti, sheria ikitufunga itufunge. Ni saa chache tu. Ukisema sasa hivi, mama yake atapiga kelele, mtaa mzima utajua, na hakuna nyumba."

Ni hapo Sekela alipoelewa kwamba alikuwa anaombwa apime mtu mmoja na uwanja mzima, na apime haraka. Alimfikiria yule binti akishika ukuta. Aliyafikiria mahema. Alijiambia kwamba saa chache si siku mbili, kwamba jioni ni karibu, kwamba hata hospitali angefika akakuta foleni. Mtu akitaka sababu, huzipata.

"Kikao kikiisha tu," alisema. "Dakika hiyo hiyo."

Lutengano akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, imelowa jasho, na Sekela akauvuta wake.

* * *

Kikao kilichelewa kuanza, kama ilivyo desturi ya vikao vinavyosubiriwa. Mwenyekiti Chengula alikuwa mtu wa kukohoa kabla ya kila neno zito, na siku hiyo maneno mazito yalikuwa mengi. Watu wa uwanjani walijaa ukumbini, waliokosa viti wakaning'inia madirishani. Mbele yao alikaa msemaji wao, Mama Veneranda Sanga, mjane aliyevaa koti la marehemu mumewe, miguu yake ikiwa na tope jekundu la uwanja.

Sekela alikaa meza ya wataalamu. Kila Chengula alipokohoa, yeye aliangalia saa ya ukutani. Kule ghorofani Atu angekuwa anamaliziwa kusukwa. Labda ameinuka kuoga. Labda amejilaza.

"Kabla ya mkaguzi," Mwenyekiti alisema, "tumemwita mpangaji mmoja wa jengo la majaribio atueleze, kwa kinywa chake, maisha ya mle ndani yakoje. Bwana Aidan Kibiki."

Sekela aligeuka kumtazama Lutengano. Lutengano alikuwa anaangalia meza.

Kibiki alikuwa fundi baiskeli, mrefu, mkimya, shati lake limepigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi. Alisimama akishika kofia.

"Mimi si msemaji," alianza. "Nitasema lililonikuta. Mke wangu Yusta alinifia wakati wa mvua, ghafla, yuko anaanua nguo. Nilikuwa sijui hata nianzie wapi. Lakini watu walikuja, wakubwa zangu, wengi kuliko nilivyofikiri tunafahamika. Na wote walikaa. Hakuna aliyesimama nje. Nimezika wazazi wangu nikiwa nyumba ya kupanga, wageni wamekaa mtaroni, nikaona aibu mpaka leo. Kwa Yusta sikuona aibu."

Aliizungusha kofia mikononi.

"Na niwaambie kitu cha ajabu. Nafasi ile haikuja siku ya msiba. Ilishakuja wiki nzima kabla. Sebule inakua tu, kila siku. Watoto wakaleta mpira ndani, Yusta anawafokea huku anacheka, mwisho na yeye akaupiga. Ile ndiyo wiki yetu nzuri kuliko zote mle ndani. Nilimshukuru Mungu. Nikasema, kumbe alijua anamchukua, akatupa nafasi tufurahi kwanza. Basi nawaomba. Wapeni na hawa wenzetu. Ni jengo lenye huruma."

Makofi yalilipuka. Madirishani watu walipiga vigelegele. Mama Veneranda alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa koti, na hata Mwenyekiti alikohoa kikohozi cha kweli.

"Mkaguzi mkuu," alisema. "Tupe neno lako, tupige kura."

Sekela alisimama. Sentensi ilikuwa fupi, aliijua kwa moyo: jengo la majaribio limekaguliwa, halina kasoro. Akafungua mdomo. Kule nyuma Kibiki alikuwa amesharudi kukaa, amemkazia macho kwa matumaini, na kichwa chake kinatikisika kidogo kumtia moyo, kama mzazi anayemsikiliza mwanawe akisoma mbele ya darasa.

Hakuweza. Haukuwa ujasiri.

"Jengo lina kasoro, Mwenyekiti."

Kelele zilizimika.

"Mratibu anatambua mtu anapokaribia kufa. Anaanza kuandaa msiba wake wakati mtu yungali hai. Amefanya hivyo zaidi ya mara moja. Hakuna anayeambiwa."

"Mkaguzi!" Mwenyekiti alisahau kukohoa. "Unajua kwamba unavunja sheria hapo ulipo?"

"Najua."

Lutengano alikuwa ameshika kichwa. Lakini Sekela hakuwa anamtazama yeye wala Mwenyekiti. Alikuwa anamtazama fundi baiskeli, ambaye aliinuka taratibu sana, kofia ikaanguka, hakuiokota.

"Wiki nzima?" alisema Kibiki.

Alimtazama Mwenyekiti, kisha Sekela.

"Wiki nzima lilijua? Na mimi nilikuwa nacheza mpira?"

"Bwana Kibiki," Sekela alisema, "mimi nimejua leo."

"Yusta alikuwa anasema kichwa kinamuuma. Nikamwambia ni joto la jiko." Alipitisha mkono usoni kama anayeondoa utando wa buibui. Kisha akatulia, na macho yakabadilika. "Na sasa hivi? Kuna nyumba inayokua sasa hivi?"

Sheria ilikuwa imeshavunjika, lakini jina la mtu mbele ya ukumbi mzima lilikataa kumtoka Sekela mdomoni.

Kibiki hakulihitaji. "Jana nilipita kwa Mama Atu," alisema, "nikampa hongera." Akausukuma mstari wa viti na kutoka akikimbia.

"Kaa chini, Mkaguzi," Mwenyekiti aliamuru. "Hujamaliza. Tupitishe au tusipitishe?"

"Nimemaliza."

Alipopita mbele ya msemaji wa mahema, mkono wenye nguvu ulimkamata kiwiko. Mama Veneranda hakupaza sauti. "Umetuua, mwanangu," alisema. "Unajua kwamba umetuua?"

Sekela alitaka kumwambia kitu, lolote, lakini mwanamke yule alimwachia kana kwamba kiwiko chenyewe kimemchafua.

* * *

Sekela alimkuta Kibiki mlangoni kwa Mama Atu, amesimama, anahema. Alikuwa amekimbia mji mzima, na alipofika maneno yakamkimbia yeye.

"Amekuwaje huyu?" Mama Atu aliuliza. "Mkaguzi, amekuwaje?"

Sekela aliingia, akapiga magoti mbele ya kigoda ili macho yake yalingane na ya binti. Alisema kwa maneno machache kadiri alivyoweza. Kwamba nafasi ile si ya sendofu. Kwamba mlango uliopanuka ni wa chumba chake. Kwamba lazima aende hospitali, sasa, asisubiri hata kumaliziwa nywele.

Mama Atu akalipuka.

"Toka! Toka nyumbani kwangu! Unaniletea uchuro wiki ya shughuli ya mwanangu? Nani kakutuma? Atu mzima, Atu anacheza kwaya, Atu anapanda ngazi hizi kila siku! Kibiki, na wewe, nimekula nyumbani kwako, mkeo nimemuosha kwa mikono hii, leo unakuja na mchawi mlangoni kwangu?"

"Mama," alisema Atu.

"Nyamaza, usisikilize..."

"Mama, usiku nalala nimekaa."

Mama Atu akaacha kupiga kelele.

"Tangu mwezi uliopita. Nikilala najisikia kama nazama. Naegemeza mto ukutani, nalala hivyo." Binti alikuwa anazitazama kucha zake, zimepakwa rangi kwa ajili ya Jumamosi. "Nilisema niolewe kwanza. Wakwe wangesikia wangesema wanaletewa mgonjwa."

Mama yake alishuka taratibu hadi sakafuni. Alipokaa na kulihisi lile joto aliruka juu kama aliyekalia makaa, akatazama chini, akatazama kuta zake zilizosogea, sebule yake aliyojivunia kwa mtaa mzima. Na ule mlio aliotoa hapo, Sekela hakuwahi kuusikia tena maishani, na hakuutaka.

Walimbeba na kigoda chake, Kibiki mbele, msusi na Sekela nyuma, kichwa kikiwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama. Hakuna aliyetaka kuangalia jinsi ngazi zilivyowapisha. Kwenye gari Mama Atu alimpakata mwanawe kama mtoto mchanga, akimwuliza kila mara, "Uko?" na Atu akijibu, "Nipo, mama," hadi jibu likawa ni kubana kidole tu.

Daktari wa zamu alikuwa kijana asiyependa maneno mengi. Aliweka kipimo kifuani, akasikiliza, akaita wenzake. Mlango mmoja wa moyo umeharibika tangu utotoni, aliwaeleza baadaye, haufungi tena, na maji yameshajaa mapafuni. Wameyapunguza. Jioni ndege itampeleka hospitali kubwa akafanyiwe upasuaji.

"Atapona?" Mama Atu aliuliza.

"Amefika akiwa hai, mama. Nikikuahidi zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya."

Mama Atu akaingia kukaa na mwanawe, na alipompita Sekela hakumtukana tena wala hakumshukuru.

Simu ya Sekela iliita. Alikuwa Lutengano. "Wamepitisha."

"Wamepitishaje? Mimi nilisema lina kasoro."

"Mwenyekiti alitaka kufunga kikao. Mama Veneranda akakataa kutoka, na watu wake wote wakakaa chini, hakuna njia. Akasema, jengo likijua nakufa, liniambie mimi na jirani yangu, na anayeogopa kujua aseme mapema aachwe. Lakini nyumba tunazitaka. Akasema kwenye mahema watu wanakufa vilevile, ila hakuna anayejua na hakuna pa kukaa." Alivuta pumzi. "Wameweka sharti kwamba kila anayepokea ufunguo ataamua mwenyewe. Hadi sheria irekebishwe, majirani wataangaliana kuta. Mimi nimeshasimamishwa. Wewe mwanasheria anakutaka Jumatatu."

"Sawa."

"Yule binti?"

"Yu hai," alisema Sekela, na akakata.

Kibiki alikuwa kwenye benchi la mbao koridoni, viwiko magotini, peke yake. Watu wa hospitali walipita mbele yake na hakumwona hata mmoja. Sekela alisimama kando, hajui kama ana haki ya kumkaribia.

"Dada," Kibiki alisema bila kuinua kichwa. "Ungejua wakati wa Yusta, ungeniambia?"

Jibu la ndiyo lilikuwa ulimini, tayari kabisa, na lingempa mtu yule kitu cha kulala nacho. Sekela alilitamani.

"Leo nilijua tangu asubuhi," alisema. "Nikaombwa ningoje kikao kiishe, nikakubali. Nilikaa pale ukumbini nangoja, naangalia saa. Usingesimama wewe, ningeendelea kungoja."

Sekela akaokota mkoba wake, akageuka aondoke.

"Yusta naye alikuwa hivyo," alisikia nyuma yake. "Ukimuuliza kitu, anakwambia kilivyo."

Aligeuka. Macho ya fundi baiskeli yalikuwa mekundu na hayakuwa na msamaha ndani yake, bado. Lakini alikuwa amejisogeza hadi mwisho wa benchi, na kwa kiganja alikuwa anapangusa mahali palipobaki, ili Sekela akae.